Kuhariri picha kwa matabaka na barakoa bila kugusa picha ya asili

Mteja wa picha za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, huzikubali picha mara mbili. Mara ya kwanza ni siku anapokuja studio, anatazama kioo cha kompyuta na kusema zote nzuri. Mara ya pili ni baada ya ssenga, shangazi wa bibi harusi, kuziona kwenye simu na kuuliza imekuwaje gomesi nyekundu, lile gauni la sherehe, imegeuka ya machungwa. Kama ile rangi uliikoleza moja kwa moja juu ya picha ukaihifadhi JPEG, kazi inaanza upya kutoka kwenye faili la kamera. Kama uliiweka kwenye tabaka lake, unafungua faili, unabonyeza tabaka hilo moja, unapunguza namba, na mteja bado hajamaliza soda yake.

Hapa tutaifuata picha moja ya aina hiyo. Bibi harusi kavaa gomesi nyekundu ya satini, pembeni yake yupo kijana wa kanzu nyeupe, wote wamekaa chini ya tenti yenye mistari ya buluu, saa saba mchana, kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Ni picha inayopigwa kila Jumamosi kuanzia Mukono hadi Mbarara, na karibu kila tatizo la uhariri limo ndani yake.

Hatua ni za Photoshop. Photopea, inayofunguka bure kwenye kivinjari na kusoma faili za PSD, yaani faili za Photoshop zenye matabaka, ina menyu zinazofanana nazo karibu kila mahali. Krita nayo ina matabaka ya namna hii. Kwa GIMP uwe mwangalifu: toleo 3.0 la mwaka 2025 ndilo lililoleta marekebisho yasiyoharibu, lakini huko rekebisho linabandikwa kwenye tabaka la picha lenyewe, halisimami peke yake kama tabaka, kwa hiyo utalazimika kutafsiri hatua hizi. Majina ya menyu nimeyaacha yalivyo kwenye kioo, kwa kuwa huko hayana jina jingine.

Tabaka lenye maagizo tu

Tabaka la marekebisho (Adjustment Layer) halina picha ndani. Lina agizo: kila kilicho chini yangu kipandishwe mwanga kiasi fulani, au kipunguzwe buluu kiasi fulani. Ukilizima jicho lake, ile alama ndogo iliyo pembeni yake, picha inarudi ilivyokuwa. Ukilifuta, hakuna kilichopotea.

Wengi hujilinda kwa njia nyingine: kila wanapoanza jambo jipya wanarudufu picha nzima kwa Ctrl+J. Njia hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza ni uzito. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Kwa biti 8 inakula takriban MB 72 za kumbukumbu, kwa biti 16 takriban MB 144, na kila nakala inaongeza mzigo uleule. Nakala tano kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8 na utaanza kusikia feni. Gharama ya pili ndiyo mbaya zaidi: nakala ya juu inafunika zilizo chini. Ukigundua baadaye kwamba uliacha chunusi kwenye tabaka la pili, ukaiondoa, hutaona badiliko lolote, kwa sababu nakala ya nne bado inayo chunusi ileile.

Barakoa (Layer Mask) ni picha ya kijivu iliyoshikamana na tabaka. Palipo peupe agizo linapita, palipo peusi limezibwa, palipo kijivu linapita nusu. Umewahi kumwona mchoraji wa mabango akiandika jina la duka ukutani kwa karatasi iliyotobolewa herufi: rangi inapita kwenye tundu tu. Barakoa ni karatasi hiyo, ila yenyewe inaweza kutobolewa nusu, robo, au kidogo sana, na tundu likizidi unaliziba tena. Hapo ndipo ilipo faida yake dhidi ya kifutio: kifutio kinaondoa pikseli, barakoa inazificha.

Vitufe vya kukariri si vingi. D inaweka rangi za brashi kuwa nyeusi na nyeupe, X inazibadilishana, B inaleta brashi, mabano ya mraba yanaikuza na kuipunguza. Ctrl+I inaigeuza barakoa nyeupe iwe nyeusi. Alt ukibonyeza juu ya barakoa inakuonyesha barakoa yenyewe kwenye kioo kizima. Shift ukibonyeza inaizima kwa muda. Kitufe cha mkwaju wa nyuma, \, kinapaka wekundu mahali palipozibwa, na ndicho kitakachokuokoa ukiwa kwenye ukingo wa nywele.

Kabla ya kufungua faili

Punguza mwanga wa kioo. Studio nyingi zina mlango unaoangalia barabara, na mchana kioo kinapandishwa hadi mwisho ili kionekane. Picha iliyohaririwa kwenye kioo kinachowaka hivyo itatoka nyeusi kwenye karatasi, na lawama ataipata mwenye mashine ya kuchapa. Geuza meza kioo kisitazame mlango, weka mwanga karibu na nusu, na linganisha na chapisho moja unalolijua.

Kama kamera ilipiga RAW, yaani faili ghafi, fungua kwa biti 16. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ukiivuta sana anga au ukuta utaanza kuonyesha mistari kama ngazi za nyumba. Kama ulichonacho ni JPEG, fanya kazi nayo, lakini vuta kidogo.

1. Funga tabaka la asili, safisha juu yake

Tabaka la chini liache na kufuli lake. Juu yake fungua tabaka tupu kabisa, liite *usafi*. Hapa ndipo yanapoondolewa madoa ya vumbi kwenye kihisio cha kamera (barabara za murram hazimwachi mtu), chunusi, uzi uliochomoza kwenye kola, na kipande cha maboksi ya soda kinachochungulia nyuma ya kiti.

Chagua brashi ya kuponya (Healing Brush) au muhuri wa kunakili (Clone Stamp), na kwenye mstari wa juu badilisha Sample iwe Current & Below. Brashi ya kuponya madoa (Spot Healing Brush) yenyewe ina kisanduku cha Sample All Layers, kiweke alama. Usipofanya hivyo brashi itachota kutoka tabaka tupu, yaani itachota hewa, na utadhani programu imeharibika.

Kuna mtego hapa. Ukisafisha wakati tayari una matabaka ya marekebisho juu, na chombo chako kinachota kutoka matabaka yote, kinachota rangi ambayo imekwisha kurekebishwa, kinaiweka chini, kisha marekebisho yanaipitia mara ya pili. Matokeo yake ni kiraka chenye mwanga au rangi iliyozidi jirani zake. Muhuri wa kunakili una kitufe kidogo cha kupuuza matabaka ya marekebisho, kiwashe. Kwa brashi ya madoa, zima macho ya matabaka ya juu kwanza.

Ondoa kitakachopona chenyewe baada ya wiki mbili. Kovu, baka la kuzaliwa, na alama za chale viache, labda mwenyewe aombe viondolewe.

2. Mwanga wa picha nzima

Ongeza tabaka la Levels. Shikilia Alt ukisukuma kishale cha kulia: kioo kinakuwa cheusi, na kila kitakachotokea ni sehemu inayoungua, isiyo na umbile tena. Kanzu ndiyo itakayotangulia kuwaka. Rudisha kishale mpaka izime. Lengo ni kanzu kusomeka kati ya 235 na 248 kwenye dirisha la Info, kwa hiyo mikunjo ya kitambaa ionekane. Ikiwa inasoma 255 kwenye rangi zote tatu kabla hujagusa kitu, mikunjo haimo kwenye faili. Rudi kwenye RAW uipunguze huko, kwa maana hakuna tabaka litakaloifufua.

Kishale cha kushoto kisukume kidogo tu. Kwenye picha za mahafali, ambapo joho ni jeusi, kishale hiki ndicho kinacholigeuza joho kuwa shimo.

Baada ya hapo ongeza Curves kwa ajili ya nyuso. Hapa ndipo ngozi nyeusi inapoharibiwa mara nyingi, na inafaa kueleza sababu. Fundi anaona uso una giza, anashika mstari pale chini kabisa kushoto na kuupandisha. Vivuli vinapanda, lakini weusi wa kweli unapotea na rangi iliyokuwa imekolea inachujuka. Ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Fanya hivi badala yake: bonyeza nukta mbili kwenye mstari, moja pale 30 ibaki 30, nyingine 110 ipande hadi 124. Nukta ya kwanza inashikilia vivuli mahali pake, ya pili inainua katikati, ambapo ndipo mashavu na paji la uso wa mtu mweusi yalipo. Ukiona wekundu umezidi kwa sababu ya kuinua, badilisha namna ya kuchanganya ya tabaka hilo kutoka Normal kwenda Luminosity. Mwanga utapanda na rangi itabaki ilivyokuwa.

Namba hizo ni za kuanzia. Kama sura imekuwa nyeupe kuliko mwenyewe alivyo, umekosea, hata kama wapo wateja watakaokusifu.

3. Buluu ya tenti

Hili ndilo jambo lenyewe, na slaida moja ya joto la rangi haitalimaliza. Mwanga unaopita kwenye kitambaa cha buluu unatoka juu, kwa hiyo unatua kwenye paji la uso, mgongo wa pua, mifupa ya mashavu na mabega. Chini ya kidevu na shingoni mwanga unatoka ardhini, ukiwa umebeba wekundu wa udongo, au ukijani kama walikaa kwenye nyasi. Uso mmoja una rangi mbili za kigeni zinazopingana. Ukiongeza njano kwenye picha nzima ili kuua buluu, kidevu kinaiva kama tofali.

Ngozi nyeusi inaionyesha tenti zaidi, na si kosa lake. Mng'ao wa juu ya ngozi haubebi rangi ya ngozi. Unabeba rangi ya chanzo cha mwanga, kama kioo. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi na inavyong'aa kwa jasho au mafuta, ndivyo mng'ao unavyojitenga na ngozi iliyouzunguka. Ndiyo maana paji la uso linaonekana kama limepakwa chaki ya buluu ilhali shavu la kivulini ni kahawia safi.

Anza na kipimo. Weka chombo cha kuchota rangi (Eyedropper) juu ya kanzu mahali penye mwanga wa wastani, usome namba. Tuseme zinatoka 229, 233, 246. Kitambaa cheupe kingepaswa kuwa na namba tatu zinazokaribiana, kwa hiyo buluu imezidi kwa kama 15. Usilazimishe zilingane kabisa: sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha inayofanya nguo nyeupe irudishe buluu kidogo hata kwenye jua. Iache buluu ikiwa juu kwa 3 au 4. Na uhakikishe kanzu ni nyeupe kweli. Ziko nyingi za rangi ya maziwa, na hizo zitakudanganya.

Sasa tengeneza tabaka lenyewe:

Bonyeza Ctrl+Alt+2. Photoshop inachagua sehemu zenye mwanga, kwa kiwango cha mwanga wake. Bila kuondoa uteuzi huo, ongeza tabaka la Curves, liite *tenti juu*. Barakoa yake itatokea yenyewe, nayo ni picha yako kwa kijivu: kanzu nyeupe, mng'ao wa uso kijivu cheupe, vivuli vyeusi.

Ndani ya Curves chagua chaneli ya Blue, weka nukta pale 170 uishushe hadi 157. Buluu ikishuka, njano inapanda. Angalia paji la uso. Kama kabla lilisoma 176, 170, 190, unataka nyekundu iwe kubwa na buluu iwe ndogo; ikiwa bado, endelea kuishusha nukta. Mng'ao mkali kabisa, ile nukta ndogo kwenye ncha ya pua, uache ukaribie weupe. Ukiufanya kahawia, uso utafanana na udongo wa kufinyanga.

Barakoa ya namna hii huwa inavuja kwenye maeneo ya wastani. Ibonyeze, kisha Ctrl+L, na sukuma kishale cheusi hadi karibu 90. Ctrl+L ikitumika juu ya barakoa inabadilisha barakoa tu. Baada ya hapo chukua brashi laini, rangi nyeusi, upake mandhari ya nyuma ili anga na mistari ya tenti ibaki na buluu yake. Tenti iliyochujuka nyuma ya watu wenye rangi nzuri inaonekana ya uongo.

Kwa upande wa chini ongeza Curves nyingine, *udongo chini*. Chaneli ya Red, nukta 70 ishuke hadi 63. Bonyeza Ctrl+I barakoa iwe nyeusi, kisha paka kwa nyeupe chini ya kidevu, upande wa chini wa taya na shingoni, brashi ya ukingo laini kabisa, Flow 10%. Flow ni kiasi cha rangi kinachotoka kila unapopitisha mkono; ikiwa ndogo unajenga polepole na mpaka hauonekani. Kama walikaa kwenye nyasi, badala ya Red shusha Green.

Zima na washa macho ya matabaka haya mawili pamoja. Kama unaliona badiliko kwenye uso lakini huwezi kusema limeanzia wapi na kuishia wapi, barakoa ni nzuri.

4. Mwanga na kivuli vya uso

Hapa pana matabaka mawili ya Curves. Moja, *nuru*, nukta ya 128 imepandishwa hadi 150. La pili, *kivuli*, 128 imeshushwa hadi 108. Yote mawili barakoa nyeusi. Kwa brashi nyeupe ya Flow 3% unapaka *nuru* kwenye mashimo madogo ya ngozi yenye giza, chini ya macho, kwenye mistari ya uchovu. *Kivuli* kwenye mabonge yanayong'aa zaidi ya jirani.

Brashi iwe sawa na ukubwa wa doa unalotibu. Kubwa zaidi inaleta ukungu, ndogo zaidi inaleta mistari. Fanya kazi picha ikiwa 50% au 100%. Kwenye 300% utaona vinyweleo na kuanza kuvitibu kimoja kimoja, na saa mbili zitapita kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona. Ukitaka kuona madoa ya mwanga vizuri, weka tabaka la Black & White juu kabisa kwa muda, kisha lifute.

Njia hii ni polepole kuliko kupaka ukungu usoni, na inazidi kwa jambo moja: vinyweleo vinabaki. Ngozi ya ukungu kwenye chapisho la A3 inaonekana kama plastiki ya beseni.

5. Gomesi

Satini nyekundu ina matatizo mawili. Kwanza, ngozi, midomo na udongo vyote viko katika familia ya nyekundu, kwa hiyo Hue/Saturation kwenye Reds itavigusa vyote. Pili, satini inang'aa, na mng'ao wake nao umeshika buluu ya tenti.

Tumia Select, kisha Color Range, bonyeza nyekundu ya gomesi, na kwa Shift ongeza maeneo ya giza. Uteuzi utashika pia midomo na sehemu za uwanja, usijali. Ongeza tabaka la Hue/Saturation, uteuzi unakuwa barakoa, kisha paka nyeusi kwenye nyuso, mikono na ardhi. Mabega ya gomesi yamechongoka, na nyuma yake kwa kawaida kuna tenti angavu; hapo brashi laini itaacha mstari wa wekundu hewani kama moto. Weka ugumu wa brashi 70 hadi 80%, kuza hadi 100%, fuata pindo taratibu. Kisha kwenye sifa za barakoa weka Feather 0.5 hadi 1 ya pikseli, isizidi. Feather hiyo na Density iliyo karibu nayo zinabadilishika wakati wowote, tofauti na kulainisha ukingo kwa kichujio.

Ukolevu usizidi +12. Nyekundu ikipanda sana, chaneli yake inagonga 255 kwenye sehemu zote zenye mwanga, na mikunjo ya satini inapotea. Gomesi inakuwa bapa kama karatasi ya manila. Kama inahitaji nguvu zaidi, ongeza Curves yenye barakoa ileile (shikilia Alt ukiburuta barakoa kwenda tabaka jipya) na ushushe vivuli vya mikunjo badala yake. Rangi inaonekana imekolea kwa sababu giza limeongezeka pembeni yake.

Kama kazi inakwenda kwenye mashine za ofseti za Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, kwa ajili ya kadi au bango, bonyeza Ctrl+Y, inayokuonyesha rangi zitakavyochapwa, baada ya kuuliza mchapaji anatumia wasifu gani wa rangi. Nyekundu kali ya kioo haimo kwenye wino nne. Ni bora uione ikififia kwako kuliko kwenye kadi 500.

Meno na macho hayahitaji maelezo marefu. Hue/Saturation, Yellows ukolevu −35, Lightness +5, barakoa nyeusi, paka meno tu. Weupe wa jicho uguse nusu ya hapo. Wa mtu mzima una mishipa na rangi kidogo.

6. Makundi

Matabaka yote ya uso yachague, Ctrl+G. Kundi nalo linakubali barakoa yake. Hii ni muhimu kuliko inavyosikika: kila tabaka ndani likiwa na barakoa ya kile linachotibu, barakoa ya kundi inaweza kuwa umbo la mtu tu. Ukiwa na watu wawili wenye rangi tofauti za ngozi, kila mmoja anapewa kundi lake, na Opacity ya kundi inakuwa kidhibiti kimoja cha kazi nzima ya uso huo. Mteja akisema *mmezidisha*, unashusha hadi 70%, basi.

Taja kila tabaka kwa kazi yake. *Curves 1* hadi *Curves 9* hazitakuambia chochote mwezi ujao.

Mambo yanayokwama

Unapaka na hakuna kinachotokea: ama unapaka nyeupe juu ya nyeupe, ama uteuzi wa zamani bado upo mahali fulani na brashi inafanya kazi ndani yake tu. Ctrl+D, kisha X.

Doa jeusi kabisa au jeupe limetokea kwenye picha: umepaka tabaka la usafi au picha badala ya barakoa. Tazama fremu ndogo inayozunguka kijipicha. Lazima iwe kwenye barakoa kabla hujagusa brashi. Hilo ndilo kosa la kila siku, na halina dawa ila kuizoea fremu.

Vidoa vidogo vya rangi ya zamani vimebaki ndani ya eneo ulilopaka: Alt, bonyeza barakoa. Kwenye nyeusi na nyeupe utaviona mara moja, kama matundu kwenye chandarua.

Ukingo wa mwanga unazunguka kichwa: barakoa imevuka nywele na kuingia kwenye mandhari. Usiongeze ulaini, hilo litaupanua. Paka nyeusi kutoka nje kwenda ndani kwa brashi ya Flow 20% hadi mstari uingie ndani ya nywele. Giza la nywele litauficha.

Ukali wa picha mara nyingi unaongezwa mwisho kwa kubana kila kitu kuwa tabaka moja jipya, Ctrl+Alt+Shift+E. Inafanya kazi, ila hapo mnyororo unakatika: ukirudi kushusha gomesi, tabaka la juu halitajua. Likilazimu kuwepo, litaje *ukali - futa ukibadilisha*, au ongeza ukali kwenye nakala ya JPEG tu.

7. Kuhifadhi

Umeme hauombi ruhusa. Kwenye mapendeleo (Preferences), sehemu ya kushughulikia mafaili (File Handling), punguza muda wa kujihifadhi kutoka dakika 10 hadi 5, na bado bonyeza Ctrl+S kila unapomaliza tabaka.

Faili mama ni PSD lenye matabaka yote. PSD linakomea GB 2; likizidi, tumia PSB. JPEG haibebi matabaka, na kila ukiifungua na kuihifadhi tena inapoteza kidogo, kwa hiyo JPEG hutolewa mpya kutoka PSD kila mara.

Kwa WhatsApp toa JPEG yenye wasifu wa rangi wa sRGB, upande mrefu pikseli 2048, na uitume kama hati, la sivyo itabanwa njiani na ngozi ndiyo itakayoanza kuharibika. Kwa chapisho la A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani 300 kwa inchi. La inchi 8 kwa 10, 2400 kwa 3000. Bango la flexi la mita mbili halihitaji 300. 100 inatosha, kwa kuwa hakuna anayelisoma akiwa amelibusu.

Nakala ya PSD iende kwenye diski ya nje siku hiyohiyo, na faili la kamera pamoja nayo. Lipe jina la tarehe na la familia, ili ssenga akipiga simu ulipate kabla hajakata.